Nani alitoa amri? Kutoka Wagalla hadi Mlima Elgon

#1 · Mleta uzi

Wakuu, uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Baba yangu alikuwa mwanajeshi, na miaka mingi ya utumishi wake ilipita kwenye ghala la silaha. Nimekulia kambini. Kama kuna jambo moja nililolijua kupitia kwake, ni kwamba jeshi ni watu wa kuandika. Bunduki ina namba. Anayeichukua anatia sahihi, anayeirudisha anatia sahihi. Risasi zinahesabiwa zikitoka, na maganda yanahesabiwa yakirudi. Lori halitoki getini bila karatasi inayoonyesha dereva ni nani, nani ameidhinisha safari na linaelekea wapi. Risasi moja ikikosekana jioni, kambi nzima hailali.

Ndiyo maana nimeshindwa kulimeza jibu ambalo Wakenya wamepewa miaka nenda miaka rudi, kwamba haijulikani nani alitoa amri.

Tuanze na Wagalla, maana vijana wengi humu wanalijua jina tu.

Tarehe 10 Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia walianza kukusanywa kutoka mji wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, na vijiji vya jirani. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwanyang'anya silaha, kwa kuwa Degodia na Ajuran walikuwa wakipigana. Walisombwa kwa malori hadi uwanja wa ndege wa Wagalla, kiwanja cha kutulia ndege katikati ya nyika. Wakaamriwa wavue nguo. Waliokataa, na fikirieni maana ya mzee Mwislamu kuamriwa avue mbele ya wanawe, walipigwa risasi. Waliobaki walilazwa kifudifudi kwenye jua la Februari la Wajir, siku baada ya siku, bila chakula wala maji. Miili ilitupwa porini, mingine mbali sana na pale. Mwanamke wa Kiitalia, Annalena Tonelli, aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa kifua kikuu pale Wajir, alitoka na gari kuokota waliokuwa bado na pumzi. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya.

Serikali ilisema waliokufa ni 57. Ilipofika mwaka 2000, hesabu ya serikali hiyo hiyo ikapanda hadi 380. Walioponea wanasema idadi ni kubwa zaidi, na wapo wanaotaja elfu na kuzidi.

Sasa nirudi kwenye ghala la baba. Malori yaliyosomba watu yalikuwa mangapi, na karatasi zao za safari zilisainiwa na nani? Mafuta yalitoka wapi? Askari waliolinda uwanja ule siku zote hizo walikula, hawakufunga. Mgao wao ulitoka jiko gani, na nani aliuidhinisha? Risasi zilizotumika zilirudi kama maganda mangapi?

Hayo si maswali ya wanaharakati. Ni maswali ambayo koplo wa ghala anajibu kila jioni kabla ya kwenda kulala.

#2

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na namheshimu mzee wako. Lakini niseme ukweli wangu. 1984 ni mbali. Wengi wa waliokuwa na madaraka wameshazikwa. Kaskazini ile ilikuwa na bunduki kila boma, watu walikuwa wakiuana kwa ukoo, na jeshi halikwenda kule kutalii. Leo tuna vijana wetu wanaokufa Somalia ili sisi tulale. Kila tukifukua makaburi haya tunawavunja moyo. Kuna nchi gani duniani ambayo jeshi lake ni safi?

#3

Mimi nasomea sheria, niongezee pale mleta mada alipoishia, kwa sababu tatizo halikuanza 1984.

Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga. Ilisema hakuna atakayeshtaki kwa mambo yaliyotendwa na vyombo vya usalama katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, kuanzia 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967, ilimradi yalifanywa kwa nia njema kwa ajili ya usalama. Hiyo ndiyo miaka ya vita vya shifta, waasi waliotaka eneo lile lijiunge na Somalia. Yaani mama aliyeuliwa ng'ombe wake wote, au aliyepoteza mume, aliambiwa na sheria kwamba mlango wa mahakama umefungwa kwa tarehe na kwa ramani. Na hali ya hatari iliyotangazwa kule mwishoni mwa 1963 haikuondolewa mpaka 1991. Kwa hiyo afisa aliyepelekwa Wajir mwaka 1984 alikuwa amekua kikazi ndani ya mazingira ambamo raia wa eneo lile hakuwa na pa kumshtaki.

Katiba ya 2010 ilijaribu kulirekebisha. Kifungu cha 25 kinasema haki ya kutoteswa haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Cha 239 kinaviweka vyombo vyote vya usalama chini ya mamlaka ya kiraia. Cha 241 kinasema jeshi halitapelekwa kurejesha amani mahali penye machafuko nchini bila idhini ya Bunge. Juni 2024, wakati wa maandamano, serikali ilipochapisha tangazo la kuwatoa wanajeshi, Bunge liliketi kesho yake likaidhinisha. Kesi ilipofika Mahakama Kuu, jaji hakuwazuia wanajeshi, ila aliiamuru serikali ichapishe watakuwa wapi, kwa muda gani, na kwa masharti yapi ya kazi. Nadhani mleta mada utaipenda amri hiyo. Ni jaji anayeomba karatasi ya safari.

Pengo lililobaki ni kubwa. Polisi akikuua, kuna IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inaweza kuingia kituoni kuchukua ushahidi. Mwanajeshi akikuua, IPOA haimhusu. Utakwenda kwa tume ya haki za binadamu, itaandika ripoti. Au utaliandikia jeshi lenyewe.

#4 · Mleta uzi

Ahsante kwa elimu, hasa hiyo ya tarehe na ramani.

Mkuu wa #2, sikupuuzi. Hoja ya kwamba ni zamani ndiyo inayonifanya nilete sura ya pili, maana Mlima Elgon, kule magharibi mwa Kenya, ni 2008, na wengi wa waliokuwa na vyeo wakati ule wanakunywa chai nyumbani kwao leo.

Niseme kwanza kwamba SLDF (Sabaot Land Defence Force), wapiganaji wa kule mlimani, hawakuwa watu wa mchezo. Lilikuwa kundi lililozaliwa na ugomvi wa ardhi ya Chebyuk, likawa linatoza watu kodi, linakata masikio, linaua. Mamia waliuawa na makumi ya maelfu wakakimbia makwao. Watu wa mlima waliomba jeshi lije. Machi 2008 likaja, operesheni ikaitwa Okoa Maisha, na siku za kwanza wapo waliopiga vigelegele.

Kilichofuata kimeandikwa na Human Rights Watch, na tume yetu ya haki za binadamu, na madaktari wa IMLU, shirika linalosaidia walioteswa, waliopima makovu. Wanaume na vijana walichukuliwa kwa maelfu, kijiji kwa kijiji, wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchambuliwa. Mtoa habari aliyefichwa uso anatazama, anaashiria huyu, anamwacha yule. Kuna waliorudi hawawezi kutembea, na kuna ambao hawakurudi. Jeshi lilikana kutesa.

IMLU wakaenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kule Arusha. Majaji wa ngazi ya kwanza, Juni 2011, wakasema kesi isikilizwe. Serikali ikakata rufaa. Machi 2012 mahakama ya rufaa ikaitupa kesi, kwa sababu mkataba wa Jumuiya unataka malalamiko yaletwe ndani ya miezi miwili. Miezi miwili! Mtu aliyevunjwa miguu haponi kwa miezi miwili. Mahakama haikusema hawakuteswa, wala haikusema waliteswa. Iliangalia kalenda tu.

Mwaka huo huo wa 2012, Oktoba, Wakenya wengine walikuwa mbele ya jaji London. Wambugu wa Nyingi, Paulo Muoka Nzili na Jane Muthoni Mara walikuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambi za wakati wa Mau Mau, mambo ya miaka ya hamsini. Waingereza nao walijitetea kwa kalenda, wakasema nusu karne imepita, mashahidi wamekufa, haki haiwezi kutendeka. Jaji McCombe akakataa. Na sababu yake ndiyo moyo wa uzi wangu wote. Alisema kesi inaweza kusikilizwa kwa haki kwa kuwa karatasi zipo. Mafaili ya utawala wa kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, huko Uingereza, yalikuwa yamepatikana, na ndani yake watawala walikuwa wameandikiana barua kuhusu vipigo. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228.

Tarumbeta za furaha zilipigwa Nairobi, na ilistahili. Lakini nilibaki na uchungu. Mzee wa Nyeri ameupata mlango wa mahakama baada ya miaka zaidi ya hamsini, ugenini. Mwanamke wa Elgon ameukosa baada ya miaka minne, jirani tu hapo Arusha.

Kwa hiyo, mkuu, swali la kwamba ni zamani linajibiwa na faili. Mashahidi watakufa, karatasi haifi mpaka mtu aichome. Ninachoomba si jela leo. Naomba kabati lifunguliwe.

Kuhusu kuvunja moyo vijana walioko Somalia, baba yangu alipostaafu alikuwa akikataa kuvaa fulana zenye nembo ya jeshi sokoni. Nilipomuuliza akasema kuna watu sokoni pale wakiiona wanahama upande. Huko ndiko kuvunjwa moyo ninakokujua mimi.

#5

Afande mstaafu hapa. Nimevaa sare zaidi ya miaka ishirini, sitasema kikosi.

Mleta uzi, ulichosema kuhusu ghala ni kweli tupu. Lakini acha nikurekebishe mahali pamoja. Amri mbaya haiandikwi. Mkubwa hasemi "ueni". Anasema "nataka eneo hili liwe safi kesho asubuhi", halafu anapanda gari anaondoka. Anayebaki ni sajini na vijana wa miaka ishirini na mbili ambao hawajalala. Kesho yake kukiwa na maswali, mkubwa ataapa kwamba alimaanisha usafi. Umewahi kuona afisa wa juu akisimama badala ya sajini? Mimi sijawahi.

Kuruta anafundishwa kutii kabla ya kufundishwa kitu kingine chochote. Sheria inasema anabanwa na amri halali. Neno "halali" tulilisikia darasani mara moja, neno "amri" tulilisikia kila saa.

Na msidanganyike kwamba mahakama ya kijeshi haina nguvu. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982 zilihukumu mamia ya askari wa anga. Ochuka, aliyeliongoza jaribio lile, na wenzake walinyongwa 1987. Jeshi la anga lenyewe lilivunjwa. Wengi wa wale vijana waliteswa kabla ya kuhukumiwa, na baadhi yao walikuja kulipwa fidia na Mahakama Kuu wakiwa wazee. Kwa hiyo mashine ipo, inafanya kazi, na ina kasi. Inasubiri tu kujua aliyekosewa ni nani. Ukilikosea dola utaiona kesho asubuhi.

Mfano mwingine ni Westgate, 2013, jeshi lilipoingia kwenye jengo lile la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi. Mara ya kwanza tuliambiwa vijana walichukua maji ya kunywa tu. Kisha picha za kamera za duka zikaonekana nchi nzima. Mwezi mmoja haujaisha, Mkuu wa Majeshi akatangaza wawili wamefukuzwa na kufungwa. Kwa bidhaa za dukani.

Nilikuwa bado kazini wakati ule. Niliona aibu ya wizi, halafu nikaona aibu kubwa zaidi nilipojiuliza ingekuwaje kama Kapkota ingekuwa na kamera.

#6 · Mleta uzi

Shikamoo afande. Nimekaa na maneno yako tangu asubuhi.

Nakubali, amri yenyewe haiandikwi. Lakini sheria ilishaliona hilo. Baada ya vita vya pili vya dunia ilikubalika kwamba kamanda hawezi kujificha nyuma ya maneno aliyoyakwepa. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ambao Kenya iliuridhia Machi 2005, hakiulizi kama alisema "ueni". Kinauliza kama askari walikuwa chini yake, kama alijua au alipaswa kujua wanachofanya, na kama alichukua hatua kuzuia au kuwapeleka wahusika mbele ya sheria. Basi. Mkataba huo uliingizwa kwenye sheria zetu kwa Sheria ya Makosa ya Kimataifa ya 2008, ikaanza kutumika 1 Januari 2009. Okoa Maisha ilikuwa imeanza miezi kumi tu nyuma yake.

Kwa hiyo mgao wa chakula na karatasi za malori zina kazi. Hazithibitishi maneno ya mkubwa, zinathibitisha kwamba alijua. Huwezi kusaini chakula cha askari wanaolinda uwanja wenye wafungwa kwa siku nne, halafu useme hukujua uwanjani kuna watu. Na kama ulisaini chakula cha askari, swali la kwa nini hukusaini hata pipa la maji kwa waliolala kifudifudi linakungoja wewe, si sajini.

Naona mtu ataniuliza kuhusu tume, niseme kwa kifupi kwa sababu inaniumiza. TJRC, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliundwa kwa sheria ya 2008 na ilikwenda hadi Wajir, watu wakalia mbele yake. Mwenyekiti wake, Balozi Kiplagat, alilalamikiwa kwamba alikuwa kwenye kikao cha usalama Wajir siku chache kabla ya mauaji. Akakana kuhusika, akakaa pembeni Novemba 2010, akarudi 2012. Ripoti ikakabidhiwa kwa rais 21 Mei 2013. Machi 2015 Rais Kenyatta akaomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Kuomba radhi ni jambo kubwa, silidharau, kuna wazee waliokuwa wakilisubiri miaka thelathini. Ripoti ikabaki mezani pa Bunge, na mfuko ukakwama kwenye kanuni za kuuendesha.

Hata pale mahakama zetu zinapolipa, angalieni nani analipa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamua watu 21 walioteswa Nyayo House, jengo la serikali pale Nairobi, walipwe. Mlipaji ni Mwanasheria Mkuu, yaani mimi na wewe. Aliyeshika rungu hakuchangia hata senti.

#7

Ni mimi wa #2. Hilo la kalenda ya Arusha sikulijua, na limenikera. Lakini bado nasimama hapa: fungueni mafaili, sawa, ila kuna majina ya watoa habari ndani yake. Yule aliyefichwa uso pale Kapkota ana wajukuu kijijini kwake. Mkiliweka jina lake wazi mmeanzisha mauaji mengine. Nani atahakikisha hilo halitokei?

#8 · Mleta uzi

Hoja nzuri na sina jibu jepesi. Yafunguliwe mbele ya jaji, si gazetini. Majina ya watoa habari na ya askari wadogo yafunikwe mpaka jaji aamue vingine. Majina ya waliosaini yasifunikwe. Mtu anayetia sahihi kwa mamlaka ya umma hana siri ya kuficha sahihi yake.

#9

Nimekuwa nikisoma kimya. Sijui kuandika kama nyinyi.

Kaka yangu alichukuliwa na watu wenye sare. Sitasema ni wapi, wala ni kikosi gani, wala mwaka gani, kwa sababu bado naishi hapo. Walisema watamuuliza maswali machache. Alitoka na ndala.

Nataka tu mjue mambo ambayo hayasemwi. Mkewe si mjane na si mke. Shamba liko kwa jina la kaka, haliwezi kugawanywa kwa sababu hakuna hati ya kifo, na hakuna hati ya kifo kwa sababu hakuna maiti. Watoto walipokuwa wakiingia sekondari, fomu iliuliza kama baba yupo hai au amefariki. Yule mkubwa aliacha wazi. Mwalimu akamwambia ajaze, akasema hajui ajaze nini.

Chifu aliniambia nisubiri miaka saba halafu niende mahakamani niseme amekufa. Mama alikataa. Alisema yeye hawezi kwenda kumwapia mtoto wake kifo ili wao wapumzike.

#10

Dada, pole sana. Mimi wa #3. Chifu hakukosea kisheria. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumhesabu mtu amekufa akikaa miaka saba bila kusikika na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake. Lakini mama yako ameona jambo ambalo sheria ile haikulitengenezewa. Iliandikwa kwa ajili ya mtu aliyepotea mwenyewe. Haina mahali pa kuandika kwamba alichukuliwa.

Ukienda, wakili wako anaweza kueleza kwenye hati ya kiapo jinsi alivyochukuliwa, siku, saa, gari, sare. Hata kama jaji atatoa tu tamko la kifo, kiapo kile kitabaki kwenye faili la mahakama. Shamba litagawanywa na maneno ya mama yatakuwa yameandikwa mahali.

#11 · Mleta uzi

Dada, naomba usiandike tena humu chochote kitakachokutambulisha. Wasimamizi wa jukwaa, kama kuna namna ya kuficha akaunti yake, fanyeni hivyo.

Swali moja tu, jibu ndiyo au hapana. Siku ile mlipiga ripoti kituo cha polisi, na mlipewa namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio?

#12

Ndiyo. Baba ndiye alikwenda. Askari wa zamu hakutaka kuandika, baba akakaa kwenye benchi mpaka zamu ikabadilika, yule wa usiku akaandika. Namba ninayo, baba aliiandika nyuma ya picha ya kaka ya kitambulisho. Wino umeanza kufifia.

#13 · Mleta uzi

Leo, kabla ya jua kuzama, inakili kwenye daftari. Kisha daftari la pili, mpe mtu mwingine alihifadhi, nyumba nyingine. Ipige picha pande zote mbili. Andika na tarehe, na kwamba baba alisubiri mpaka zamu ya usiku, kwa sababu kitabu cha zamu nacho kina jina la aliyeandika.

Afande wa #5, na wakili wetu wa #3, nimewaandikia faragha.